Maelezo ya Picha ya Ishirini na Saba

6 Februari

Kwa Mzee Msahihishaji,

Shikamoo. Ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu ndiyo iliyonipa anwani yako. Wameniambia wewe ni mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, umesahihisha vitabu miaka thelathini, na umekubali kunielezea picha. Wamesisitiza pia kwamba kila kitu kiwe kwa maandishi, si kwa simu, ili kihifadhiwe. Basi tutaandikiana.

Mimi sioni tangu nikiwa na miaka minne. Kompyuta yangu hunisomea kwa sauti kila kilichoandikwa, lakini ikifika kwenye picha husema tu "picha", kisha inasonga mbele kama mtu aliyeona jambo la aibu. Sasa nifanyeje, maana tasnifu yangu ni ya picha? Naandika kuhusu mji mdogo uliofunikwa na maji ya bwawa miaka arobaini na saba iliyopita. Watu walihamishwa, nyumba zikazama. Zimebaki picha arobaini na sita zilizopigwa na wapima ardhi kabla maji hayajapanda. Nataka kujua watu wa pale waliishije na majirani zao, na hilo nataka kulisoma kwenye milango, vibaraza na vichochoro vyao.

Mwalimu mmoja alijaribu kunisaidia kabla yako. Chini ya picha ya kwanza aliandika "Mtaa". Nilimshukuru sana, maana nilidhani ni ng'ombe.

Faili la picha limeambatanishwa. Ukiona kazi ni nzito, sema tu, sitanuna.

Mtafiti


11 Februari

Binti yangu Mtafiti,

Marahaba. Picha nimezipata. Nilizitazama siku tatu kabla ya kuandika neno, kwa hiyo usidhani nimelala.

Kanuni yangu ni ile ya kiwandani. Msahihishaji haongezi wala hapunguzi. Nitaanza na picha inahusu nini, kisha nitakupitisha kutoka kushoto kwenda kulia, kisha vitu vidogo. Nisichokijua nitasema sikijui. Nakupa moja uonje, uniambie kama inakufaa.

Picha ya 19. Mpiga picha amesimama katikati ya barabara ya vumbi inayoteremka mbele yake. Kushoto kuna nyumba tano zilizoshikana kuta. Kila moja ina mlango wa mbao wa vibao viwili, na yote mitano imepakwa kijani kilekile, kijani cha jani changa. Mlango wa tatu umechakaa sehemu ya chini, pale watu wanapousukuma kwa mguu mikono ikiwa imejaa. Kulia kuna ukuta mrefu usio na dirisha. Vivuli ni vifupi, kwa hiyo ni karibu na saa sita mchana. Barabarani hakuna mtu.

Nakaa chumba kimoja, ghorofa ya nne, katika nchi ambayo sikuzaliwa. Maelezo yako nayaandika huku nikiyasoma kwa sauti. Usishangae yakiwa na pumzi.

Msahihishaji


20 Februari

Mzee wangu,

Nimeisikiliza ya 19 mara sita. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mlango husukumwa kwa mguu mikono ikijaa, ingawa mimi mwenyewe nafanya hivyo kila siku nikirudi na vitabu. Nimecheka peke yangu maktabani hadi mtu akaniambia shii.

Nikwambie jinsi ninavyosoma hapa. Darasani mwalimu huelekeza kidole ukutani na kusema, "Kama mnavyoona hapa, tofauti ni kubwa." Hapa wapi? Kubwa kiasi gani? Akionyesha kitu cha kuchekesha, wenzangu hucheka, na mimi hucheka baada ya sekunde moja. Hiyo sekunde moja, Mzee wangu, naifahamu kuliko chumba changu. Makala ninazotumiwa nyingine ni karatasi zilizopigwa picha tu, kompyuta haioni hata herufi moja. Nyingine majedwali yake husomwa namba zote mfululizo bila safu, kama mtu anayetaja namba za simu za ukoo mzima. Wakipokea malalamiko yangu huandika, "Pole kwa usumbufu," kisha mwezi unaofuata wanatuma zilezile.

Kwako ni mara ya kwanza nimefika mahali wakati mmoja na wengine.

Nitumie ya 20 hadi ya 30. Ya 27 nina hamu nayo hasa, kwa sababu orodha ya wapima ardhi inasema ni mlango mmoja uliopigwa kwa karibu. Kuna mtu? Karibu picha zote mtaa ni mtupu, na mimi natafuta watu.

Naomba nikuite Babu, kama si kukukosea adabu.

Mtafiti


2 Machi

Mjukuu wangu,

Hujanikosea. Hakuna anayeniita hivyo. Mke wangu alifariki tukiwa bado tunapanga majina ya watoto, na jirani wa mlango wa pili tunasalimiana kwa kichwa, yapata miaka kumi na moja sasa. Mara moja tu alifungua mdomo, akaniuliza kama naongea na simu, kwa sababu amenisikia nikisoma. Nikamwambia naongea na kazi. Akatikisa kichwa kwa huruma, akafunga mlango.

Nimekutumia zote kumi na moja. Ya 22 na ya 25 zina milango ya kijani pia. Ya 24 ina madirisha ya bluu yenye kutu kwenye bawaba.

Picha ya 27. Mlango mmoja, umepigwa kwa karibu kutoka mbele. Katikati ya kibao cha kulia pameandikwa namba 112 kwa rangi nyeupe, juu kidogo ya kitasa. Kibao cha kushoto kimefunguka kiasi cha upana wa kiganja, na ndani ni giza. Hakuna mtu.

Kula vizuri. Mtu anayesoma sana husahau.

Babu Msahihishaji


17 Aprili

Babu yangu,

Nina habari, kaa chini.

Nimekubaliwa kuwasilisha sura ya pili kwenye kongamano, wiki mbili zijazo. Nimeipa kichwa cha "Milango ya Kijani". Sikiliza hoja yangu. Nyumba kumi na moja katika picha tatu zina milango ya rangi moja. Hakuna anayenunua rangi ya nyumba kumi na moja peke yake. Kwa hiyo majirani wale walipata rangi pamoja, walipaka pamoja, na walikubaliana. Wapima ardhi waliandika kwenye ripoti yao kwamba mji ule ulikuwa "makazi yaliyotawanyika, yasiyo na umoja", na kwa neno hilo wakalipuuza baraza la mji lilipokataa kuhama. Mimi nitawaonyesha umoja ulikuwa mlangoni, wameupiga picha wenyewe!

Nimeandaa uwasilishaji nilioutamani maisha yangu yote. Kila slaidi ina picha, na chini yake maelezo yako kwa herufi kubwa, nami nitayasoma kwa sauti. Makala nitawatumia wote wiki moja kabla. Nimeomba mkalimani wa lugha ya alama, kwa kuwa kuna wasomi viziwi wawili watakaokuja. Sitasema "kama mnavyoona hapa" hata mara moja.

Msimamizi wangu amesoma maandishi na kuyasifu. Picha hakuzifungua, alisema ananiamini mimi na maelezo yangu. Yaani maelezo yako.

Mjukuu wako


19 Aprili

Mjukuu wangu,

Hongera sana. Nimeisoma sura yako yote. Katika ukurasa wa nane kuna nukta mbili mahali ambapo mkato ungetosha, na ukurasa wa kumi na tatu aya ya kwanza ni ndefu mno, igawe. Vichwa vya sehemu viwekwe alama za vichwa kwenye faili, usivikoleze wino tu, wenzako wanaosoma kwa kompyuta waweze kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Najua unalijua hilo, nimeangalia tu.

Hoja ya rangi ni nzuri. Nilitaka kusema jambo juu yake, lakini labda si mahali pangu.

Nakutakia heri.

Babu


4 Mei

Mzee Msahihishaji,

Nilimaliza kusoma, wakapiga makofi. Nikauliza kama kuna swali. Nikasikia sauti ya mkalimani, mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Mwenzangu anakupongeza. Anasema ni mara ya kwanza kwenye kongamano hili amesoma kila neno la msemaji bila kumwinda mkalimani. Anauliza, hicho kijani umekipata wapi?"

Nikamwambia, "Kwenye picha."

Mkalimani akasema taratibu, "Anasema picha ni nyeusi na nyeupe, dada. Zote."

Safari hii walicheka wao kwanza, na mimi sikufuatia hata baada ya sekunde moja. Si wote waliocheka. Yule kiziwi hakucheka, alikuja baadaye akanishika mkono, na kupitia mkalimani akaniomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Amenitendea haki. Ningeandaa slaidi kama wengine wanavyoandaa, asingesoma, asingeuliza, na mimi ningeingia kwenye tasnifu nzima na uongo wako begani.

Msimamizi wangu ameniita. Amenipa hadi mwisho wa mwezi huu. Nisipoweza kuthibitisha kila neno la maelezo ya picha arobaini na sita, niziache kabisa. Ameshauri nihamie kwenye nyimbo za waliohamishwa. "Utafiti wa sauti utakufaa zaidi," alisema. Kipofu na nyimbo, ndivyo wanavyotupanga. Miaka minne ya kazi, na nimewapa mwenyewe sababu ya kusema kipofu asiguse picha.

Umekosea au umetunga? Na mbali na rangi, kuna lingine? Nijibu kabla sijaonana na wasimamizi.

Mtafiti


13 Mei

Siku tisa, Mzee.

Mtafiti


14 Mei

Mjukuu wangu, au Mtafiti, lolote utakalokubali kuitwa nami,

Siku tisa hizo nimeandika barua nne na kuzifuta. Zote zilianza na maelezo ya uzee na macho. Macho yangu ni mazima.

Mji ule ni kwetu. Nimezaliwa katika nyumba ya tatu kwenye picha ya 19. Ofisi waliponitumia faili sikuwaambia, kwa kuwa wangempa mtu mwingine kazi, na mimi ilikuwa imepita miaka arobaini na saba sijaiona barabara ile. Milango ilikuwa ya kijani kweli. Rangi ilitoka kwenye pipa moja lililobaki ghala la reli lilipofungwa, wakagawana kwa makopo, wakapaka kwa siku mbili. Hoja yako ni ya kweli, mwanangu. Ila picha haikusema hivyo, nimesema mimi na kuitia picha mdomoni. Nilipoandika "kijani" mara ya kwanza sikujua nimefanya hivyo. Naapa. Niliitazama karatasi ya kijivu nikaona kijani. Uliponiandikia kichwa cha sura yako ndipo nilipofungua faili tena na kushtuka. Hiyo ilikuwa tarehe kumi na nane Aprili. Tarehe kumi na tisa nikakuandikia kuhusu mkato. Kwa hiyo la kwanza ni kosa, na la pili ni makusudi. Ningekwambia, ungeacha kuniandikia.

Umeuliza kama kuna lingine. Lipo. Katika picha ya 27 nilisema hakuna mtu. Haya ndiyo maelezo yake, na safari hii nimemwita jirani wa mlango wa pili aingie ndani, nikamwomba anitajie anachokiona kabla sijamwambia chochote. Ameona nilichokiona.

Picha ya 27. Nyeusi na nyeupe. Mlango mmoja wa vibao viwili, umepigwa kwa karibu kutoka mbele. Kwenye kibao cha kulia pameandikwa namba 112 kwa rangi ya kung'aa. Tarakimu ya mwisho ina mchirizi, inaonekana bado ni mbichi. Upande wa kushoto wa picha amesimama kijana, anaonekana kuanzia kichwani hadi magotini. Amevaa shati la mikono mifupi lenye beji ya idara kifuani. Mkono wa kulia una brashi, wa kushoto una kopo. Hatazami kamera wala mlango, anatazama chini. Kibao cha kushoto kimefunguka kiasi cha upana wa kiganja. Katika uwazi huo unaonekana mkono wa mtu ulioshika kitambaa.

Kijana huyo ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa wapima ardhi. Walinichagua kwa sababu najua nyumba zote na nina mwandiko mzuri. Kila mlango niliouandika namba ulivunjwa kabla maji hayajaufikia. Niliandika mia moja na arobaini. Baada ya hapo sikuweza kukaa na watu wangu kule walikohamishiwa, nikatafuta nchi ambayo hakuna anayeijua sura yangu. Niliipata. Ni raha ya ajabu hiyo, na haichukui mwaka kuisha.

Waonyeshe wasimamizi wako barua hii. Kosa liwe na mwenyewe, na lisiwe lako.

Msahihishaji


28 Mei

Mzee wangu,

Nimewasomea barua yako yote, mbele ya wasimamizi watatu na mtu wa ofisi. Sauti ilikuwa ya kompyuta yangu. Kisha msimamizi wangu akafungua picha ya 27, mara yake ya kwanza, nikasikia kiti chake kikisogea karibu na meza.

Picha sitaziacha. Wameamua hivi. Zote arobaini na sita zitaelezwa upya na watu wawili wasioujua mji ule, kila mmoja peke yake, na maelezo yao yatalinganishwa. Hayo yatakuwa sura ya kwanza. Habari ya pipa la rangi itaingia sura nyingine, kama ushahidi wa mtu aliyekuwepo, na hapo milango itakuwa ya kijani kwa haki. Msimamizi amesema hajawahi kuona tasnifu inayotenganisha namna hiyo kinachoonekana na kinachojulikana. Yule msomi kiziwi amekubali kuwa mmoja wa hao wawili. Anasema yeye kazi yake ni kutazama.

Sasa lile gumu. Wewe umekuwa mtu wa ndani ya utafiti, na aliye ndani ya utafiti haruhusiwi kunisomea. Kazi yako ofisini imefungwa kuanzia leo. Hadi nitakapotetea tasnifu, pengine mwaka na nusu, nitakuandikia maswali tu na wewe utaandika majibu tu, na kila karatasi itapita mikononi mwao. Hakuna salamu, hakuna nukta na mkato. Nilijaribu kubishana, lakini wana haki, na ningekuwa wao ningesema vilevile.

Bado nina hasira. Nisikudanganye. Ulinifanya niamini nimefika wakati mmoja na wengine, kumbe nilikuwa peke yangu na wewe tu. Kuna siku hasira ni kubwa, na kuna siku natembea mpaka maktaba nikiwaza ile sekunde ulipofungua faili tarehe kumi na nane, na chumba chako cha ghorofa ya nne, na nakosa la kufanya na hasira hiyo.

Mashahidi katika tasnifu yangu hawatajwi majina. Hutambulishwa kwa kazi waliyokuwa nayo wakati ule. Tumia hiyo kusaini.

Swali la kwanza. Katika maelezo yako mapya ya picha ya 27 umemtaja kijana, ukamweleza hadi beji. Ukataja mkono ulioshika kitambaa, ukauacha hapohapo. Ule mkono ni wa nani, na kitambaa kilikuwa cha nini?

Mtafiti


1 Juni

Jibu la swali la kwanza.

Mkono ni wa mama yangu mzazi. Alikuwa fundi cherehani, na kitambaa ni kipande kilichobaki kwenye kazi aliyokuwa akiishona asubuhi ile. Nilipobisha hodi kwenye mlango wa kwetu, nikiwa na mpiga picha nyuma yangu, alifungua kidogo, akatazama kopo, akatazama beji. Akaniuliza, "Na huu pia?" Nikasema, "Ndiyo, Mama." Nilipoinua brashi akasema, "Ngoja kwanza, hapo pana vumbi," akatoa mkono, akaufuta mlango mahali nilipotaka kuandika, taratibu, kutoka juu kwenda chini, ili rangi ishike. Kisha akaurudisha mkono ndani, akangoja nimalize.

Karani wa Namba